Kupiga picha za gari Kigoma: mwanga, fokasi na filta

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa kwa picha za gari ilikuwa Noah nyeupe ya harusi, pale mtaa wa Mwanga, saa saba mchana, nami nimevaa jezi ya Yanga. Picha niliziona kali mpaka bwana harusi, ambaye ni Simba damu, alipokuza moja kwenye simu yake. Katikati ya mlango mweupe kulikuwa na doa la njano lenye viwiko viwili na kamera usoni. "Kaka, gari yangu imeanza lini kuwa Yanga?" Hela alinipa, ila nusu.

Gari halipigwi kama mtu. Mtu ana ngozi, gari lina kioo: vioo vyenyewe, kisha rangi ya bodi ambayo nayo ni kioo, kisha rimu. Kila kilichosimama mbele yake linakirudisha, iwe anga, nguzo ya umeme, kibanda cha chipsi au wewe mwenyewe. Kwa hiyo nusu ya kazi ni kuchagua gari liakisi nini, na hilo ndilo litakalorudi kila hatua hapa chini. Tangu Noah ile, kazini navaa shati jeusi.

1. Osha siku hiyohiyo

Vumbi letu ni jekundu na lina ujanja. Kwenye gari jeupe hulioni kwa macho, kwenye picha linatoka kama kutu chini ya milango. Mwenye gari aoshe siku ya picha, na wewe uje na vitambaa viwili laini: kimoja cha bodi, kingine cha vioo na taa peke yake. Matone yaliyokaukia kwenye boneti nyeusi ukiyaacha, utayafuta moja moja kwenye kompyuta usiku kucha. Matairi yafutwe kwa maji, basi. Kuna wanaoyapaka mafuta yang'ae, na nimemwona jamaa akitumia mawese kabisa. Alipofika ufukweni matairi yalikuwa yamebandikwa mchanga kama maandazi yaliyochovywa kwenye sukari.

Ndani toa chupa za maji, risiti za sheli na kanga iliyotandikwa kwenye kiti. Vioo vipandishwe vyote au vishushwe vyote. Zungusha usukani mpaka uso wa rimu ya mbele ukutazame, maana meno ya tairi hayana uzuri wowote.

2. Panga saa kwa jua la Kigoma

Hili wageni hulikosea sana. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam, hivyo jua letu liko nyuma ya lao kwa kama dakika arobaini. Huku utosini linafika karibu saa saba, si saa sita. Linazama karibu saa moja jioni, na mwezi wa Februari linaweza kuvuta hadi saa moja na dakika ishirini. Asubuhi linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache, na pale mjini vilima vya mashariki hulichelewesha tena. Aliyezoea Dar anakupa miadi ya saa kumi na moja jioni akitegemea jua laini, anakuta bado linauma.

Mimi wateja nawaambia saa kumi na mbili kasorobo tuwe tumeshaegesha. Saa nzima inayofuata jua liko chini na rangi ni ya asali. Hapo piga picha zenye mandhari. Lakini picha kubwa ya siku naisubiri jua likishazama nyuma ya milima ya Kongo. Anga lote la magharibi linakuwa taa moja pana isiyo na ukali, na gari, kwa kuwa ni kioo, linalibeba anga hilo ubavuni bila doa jeupe la jua linalochoma jicho. Kwa sababu tuko karibu na ikweta giza halichelewi: una kama dakika ishirini. Stendi ya kamera iwe imeshafunguliwa na kila mtu awe ameshaondoka kwenye fremu.

Mteja akilazimisha mchana, tafuta kivuli kizima cha ukuta mrefu. Kivuli cha mwembe ni mtego, na Ujiji miembe haikosekani. Mwanga unapenya majani unalifanya gari chui, na jeupe linatoka na ukijani kama lina homa.

Kiangazi, miezi ya moshi wa mashamba, hewa inakuwa nzito na milima ya ng'ambo inapotea. Usihangaike na mandhari ya mbali siku hizo, sogea karibu na gari. Siku inayofuata mvua ndiyo ya kuacha shughuli zote ukaenda ziwani.

3. Angalia nyuma yako kabla ya nyuma ya gari

Wengi huchagua mahali kwa kinachoonekana nyuma ya gari. Mimi nageuka kwanza. Kilicho nyuma yangu ndicho kitakachochorwa mlangoni, hivyo nataka kiwe kitupu: ziwa, uwanja wazi, ukuta wa rangi moja. Katonga na Kibirizi ziwa lenyewe linakupa utupu huo bure. Egesha gari ubavu ukitazama maji, wewe simama upande wa maji, na mlango mzima utapata rangi mbili tu, anga juu na maji chini, zikitenganishwa na mstari mmoja mrefu.

Mstari huo uchezee. Chuchumaa utazame mlangoni: ukishusha kamera, mstari wa upeo unashuka kwenye bodi, ukisimama, unapanda. Kila gari lina mkunjo unaotoka taa ya mbele hadi ya nyuma, na mstari wa upeo ukikaa sambamba na mkunjo ule gari linaonekana limechongwa kwa kisu. Ukiuacha ukate vitasa kwa mshazari, gari linaonekana limegongwa likanyooshwa gereji ya bei nafuu. Sentimita kumi za magoti yako ndizo zinazoamua.

Ruhusa usiisahau. Jengo la stesheni ya reli, iliyofika hapa 1914 enzi za Wajerumani, ni pazia zuri mno, lakini stesheni na bandari si mahali pa kufika na kamera na stendi kimyakimya. Omba kwa wahusika kwanza. Na ufukweni angalia unapokanyaga. Mama mmoja Katonga alinijia na ufagio mkononi nikiwa narudisha Harrier ya mteja nyuma: "Mwanangu, hilo gari lako nalo linakula dagaa?" Nilikuwa nimebakiza hatua mbili kuupanda mkeka wake. Nilishuka, nikamwamkia, nikaomba radhi, na mwishowe yeye ndiye aliyenionyesha sehemu ngumu isiyozamisha matairi.

4. Rudi nyuma, kisha chuchumaa

Picha mama ni ya pembe ya mbele, uso na ubavu vikionekana pamoja. Kamera iwe usawa wa taa za mbele. Kwa IST hapo ni magotini, kwa Land Cruiser mkonga ni kiunoni. Ukipiga umesimama wima, gari lolote linakuwa kama la kuchezea.

Lenzi pana ya milimita 24 ukiisogeza karibu huvimbisha bampa na kunyonya matako ya gari. Tumia milimita 70 hadi 100 ukiwa na nafasi ya kurudi nyuma. Umbo linabaki kama lilivyotoka kiwandani. Wa simu ni hivyohivyo: kamera kuu ya simu ni lenzi pana, kwa hiyo piga hatua sita saba nyuma kisha tumia zumu ya 2x.

5. Mwanga: kamera haijui rangi ya gari

Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba kila unachoielekezea, kwa wastani, ni kijivu. Noah nyeupe ikijaa kwenye fremu, kamera inasema "hapa pana mwanga mwingi" na kupunguza, na gari linatoka rangi ya maji ya ugali. Gari jeusi linafanyiwa kinyume chake: kamera inaongeza, na weusi unapauka kama suruali ya shule muhula wa tatu.

Dawa ni kile kitufe cha +/−. Namba zake ni stopu, na kila stopu moja ni mwanga kuongezwa mara mbili au kukatwa nusu. Gari jeupe anza na +0.7, ukihitaji fika +1.3. Gari jeusi anza na −0.7. La fedha au la kijivu liache lilivyo. Baada ya picha ya kwanza fungua histogramu, ile grafu ya giza na mwanga wa picha, na ile alama ya kumemeta inayoonyesha palipoungua. Kikimemeta kipande cha kromu au ncha ya taa, achana nacho, chuma kinachopigwa na jua kina haki ya kuwaka. Ikimemeta boneti au paa, shusha theluthi moja ya stopu, piga tena. Rangi ya bodi iliyoungua hairudi, hata kama umepiga RAW, lile faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Na piga RAW, maana weupe wa jioni una ubluu ambao utataka kuurekebisha.

Jua likiwa kali na huna imani na kipimo cha mwanga cha kamera, kuna kanuni ya zamani isiyochuja: f/16 (namba ya f ni tundu la lenzi, namba ikikua tundu linapungua), na kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga unaingia, iwe sekunde moja kugawa kwa namba ya ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga. Kwa ISO 100 ni f/16 na 1/100, ambayo ni sawa na f/8 na 1/400. Jua likishazama unabaki ISO 100 na f/8 juu ya stendi na kuiachia shata ivute: robo sekunde, nusu, sekunde moja, mbili, ikiongezeka kadiri giza linavyoingia. Washa taa ndogo za gari tu. Taa kubwa zitameza uso wote.

Kwenye simu, bonyeza kidole juu ya bodi ukishikilie mpaka mwanga na fokasi (ukali wa picha) vifungwe, kisha telezesha kidole chini taratibu mpaka weupe uache kuungua.

6. Fokasi: usishike kivuli ukaacha gari

Hapa kioo kinakuja na hila nyingine. Fokasi ya otomatiki hutafuta mahali penye mpaka wa giza na mwanga. Mlango mweupe mtupu hauna mpaka, ila mti unaoakisiwa ndani yake unao. Kamera inaushika mti! Na mti ule, kwa macho ya lenzi, hauko kwenye mlango. Uko mbali zaidi, kana kwamba umesimama upande wa pili wa gari. Matokeo yake mti mkali, mlango ukungu. Kwenye milango bapa ya Land Cruiser hili limenikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Kwa hiyo tumia nukta moja ya fokasi uiweke mwenyewe kwenye kitu kilicho juu ya bodi hasa: nembo, ukingo wa pleti namba, au mistari ya ndani ya taa iliyo karibu nawe. Taa ya karibu ndiyo jicho la gari. Ikiwa kali, mtazamaji anasamehe mkia uliofifia. Ikififia, hakuna kinachookoa picha.

Kuhusu namba ya f, piga hesabu badala ya kubahatisha. Kamera ya fremu kamili (kihisi chake kina ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35), lenzi ya milimita 50, taa ya karibu ikiwa mita 5 kutoka kwako: kwa f/2.8 panakuwa pakali kutoka kama mita 4.3 hadi mita 6 tu. Probox ina urefu wa mita nne na ushee, hivyo zaidi ya nusu yake, upande wa nyuma, imekwenda. Kwa f/8 ukali unaanzia kama mita 3.4 hadi 9.6, gari zima linaingia na chenji inabaki. Picha za kuuza gari piga f/8. f/2.8 weka kwa nembo, kitasa na mishono ya kiti.

Giza likiingia, mulika nembo kwa tochi ya simu, fokasi ikishika hamishia kwenye fokasi ya mkono na usiiguse pete tena. Zima kitulizo cha lenzi, kile kinachopunguza mtikisiko wa mkono, kamera ikiwa kwenye stendi, na tumia taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise picha.

7. Filta: moja ya lazima, nyingine za kuchagua

Ya lazima ni polaraiza. Pembeni imeandikwa CPL. Inazunguka mbele ya lenzi na kukata mng'ao unaotoka kwenye kioo, maji na ile vanishi inayofunika rangi ya gari. Izungushe taratibu ukitazama kioo cha mbele: pazia jeupe la anga linaondoka, na ghafla unaona usukani na viti. Zungusha tena ukitazama boneti: weupe unatoka, rangi yenyewe inapanda juu.

Ila ijue mipaka yake. Haikati mng'ao wa chuma kitupu, kwa hiyo kromu na rimu zisizopakwa rangi zitabaki zilivyo. Inafanya kazi vizuri zaidi ukitazama kioo au boneti kwa mshazari, kama nyuzi 35 kutoka kwenye uso wake. Ukisimama mbele ya mlango uso kwa uso haikusaidii, utajiona vilevile na jezi yako. Na bodi imepinda, hivyo utakapofuta kioo cha mbele ubavu utabaki unang'aa. Nikiwa na stendi napiga mbili, moja filta ikiwa imewekwa kwa ajili ya kioo, nyingine kwa ajili ya boneti, naziunganisha nyumbani.

Usifute mng'ao wote. Gari lisiloakisi chochote linakuwa kama la plastiki. Ule mstari wa upeo niliokusumbua nao hatua ya tatu unaweza kupotea wote kwa kuzungusha filta robo mzunguko. Mimi nazungusha mpaka mwisho wa kukata, kisha narudisha kidogo.

Vioo vya pembeni na vya nyuma ni vya kupozwa ghafla kiwandani ili vivunjike punje punje, na kupitia polaraiza vinaonyesha madoa yaliyojipanga kama ya ndege kanga. Mteja mmoja alidhani nimemharibia kioo. Yakitokea, zungusha filta mpaka yafifie au itoe kabisa.

Anga nalo hubadilika: giza la bluu linakolea zaidi upande ulio nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Jua likielekea ziwani jioni, upande huo ni kaskazini na kusini. Ukiwa na lenzi pana anga litatoka na baka jeusi upande mmoja, kwa hiyo hapo filta ikae mfukoni. Mchana ufukweni inafanya jambo la kupendeza: inafuta mng'ao wa maji, na maji ya Tanganyika yalivyo safi, mawe ya chini yanaonekana hadi mbali.

Inakula mwanga, stopu moja hadi mbili. Na izungushe upande wa kukaza siku zote, si wa kufungua. Yangu ya kwanza niliifungua bila kujua nikiwa nimekodolea macho boneti, ikaangukia kokoto za Katonga.

Filta ya UV sihangaiki nayo kwa ajili ya rangi, kamera za kidijitali hazina shida hiyo. Naivaa kama ngao ya vumbi barabarani na kuivua usiku, kwa sababu taa za gari zikiipiga zinazaa nukta za kijani upande wa pili wa picha. Filta za giza, zile ND, ni za kuirefusha shata mchana: ND8 inakata stopu 3, ND64 stopu 6. Ile ya nusu giza nusu wazi inasifiwa kwa machweo, lakini kwenye gari mstari wake unakata paa. Afadhali upige picha mbili za mwanga tofauti.

Ukinunua, soma namba yenye alama ya ø mbele ya lenzi, mfano 58, 67 au 77. Agiza inayotosha lenzi yako kubwa, pamoja na pete za kupunguzia kwa lenzi ndogo. Mimi huagiza Kariakoo ikaja na basi. Na filta ya bei ya soda itakupa picha ya bei ya soda.

8. Likiwa mwendoni

Barabara ya Kasulu, ukishavuka Mwandiga, ina vipande vilivyonyooka vya kutosha. Simama mbali na lami, mwenzako asimame kuangalia magari mengine, na dereva asizidi kilomita 40 au 50 kwa saa. Kasi utaitengeneza wewe. Weka shata 1/60, fokasi ya kufuatilia, miguu isiyoondoka, kiuno ndicho kinachozunguka. Anza kulifuata gari kabla hujabonyeza na usisimame baada ya kubonyeza. Ukizoea shuka 1/30. Jua likiwa kali 1/60 itaunguza picha, na hapo polaraiza inakuwa filta ya giza ya dharura: ISO 100, f/16 pamoja nayo, unapata kama 1/40 bila kununua kingine. Kati ya picha thelathini nikipata tatu nashukuru.

9. Kutuma

WhatsApp inaminya picha mpaka rangi inakuwa uji, kwa hiyo tuma kama dokumenti. Picha za dalali ziwe na pleti namba iliyofunikwa, na ziwepo ya dashibodi inayoonyesha kilomita na ya kila kona yenye mkwaruzo, maana mnunuzi atauona tu. Kabla ya kubonyeza kutuma, kuza kila picha kwenye milango, kwenye boneti na kwenye vifuniko vya rimu, utafute mtu aliyeshika kamera.